Sauti ya Mwanangu Ndani ya Simu

Mwanangu alipoumizwa alikuwa bado hajajua kusema.

Tulikuwa tukiishi Mwiki, mimi na yeye tu. Kila asubuhi nilimwacha kwa mwanamke aliyelea watoto chumbani kwake, ploti ya vyumba vya kupanga, ya pili kutoka kwetu, nikaenda Ruiru kushona mashati kiwandani. Mtoto akaanza kukataa kuingia pale. Alining'ang'ania shingoni nami nikadhani ni kudeka. Halafu jioni moja nikimwogesha nikaona mgongo wake.

Kesho yake jirani, mwanamke tuliyetoka naye upande mmoja wa magharibi, alinitumia video. Aliichukua akiwa kwenye ngazi za ploti yao, kupitia dirisha la mlezi. Mlezi ameshika mwiko. Mtoto amegeukia ukuta, uso hauonekani. Ni miguu tu, na sauti. Niliitazama nikiwa nimejifungia chooni kiwandani, leso mdomoni.

Mlezi alishikwa, daktari akaandika majeraha. Nilidhani kazi imekwisha. Nani angebishana na macho?

Kiongozi wa mashtaka ndiye aliyenieleza, kwenye korido ya mahakama, Thika.

"Mama, hii video yako haitoshi. Wewe umetumiwa tu. Aliyeichukua ndiye anafaa kuja na simu yake, atie sahihi cheti kwamba hajaibadilisha."

Jirani hakutaka. Mwenye ploti yao alikuwa shemeji ya mlezi.

"Nilikutumia ujue, dada, si unipeleke kotini. Nikifukuzwa nitalala wapi na watoto?"

Nilipiga magoti pale kwake, kwenye maji ya kufulia. Sikuwa na aibu tena. Alilia, akasema atakuja.

Na alikuja, amevaa nguo ya kanisani. Wakili wa mlezi alikuwa mtu mpole, wa sauti ya chini.

"Ulipoanza kuchukua, kilionekana nini kwanza?"

"Ngazi. Halafu ukuta. Halafu dirisha."

"Hapa sioni ngazi."

"Nilikata mwanzo. Ilikuwa ndefu, ilikuwa inakataa kwenda."

"Na mwisho?"

"Na mwisho kidogo."

"Ile nzima iko wapi?"

"Nilifuta. Simu ilikuwa imejaa."

"Lakini kwenye cheti umesema hujabadilisha kitu."

Kiongozi wa mashtaka aliweka kalamu chini. Hakimu akasema ataamua baadaye kama video itakubaliwa, nikaitwa mimi.

"Uso hauonekani," wakili akaniambia. "Umejuaje ni mtoto wako?"

"Kwa kilio."

"Watoto wote hulia, mama."

"Wangu akilia pumzi inakatika. Ananyamaza kama amezama, halafu anaanza upya. Wekeni mtasikia."

Wakaiweka. Wakili akasema hajasikia kitu. Nikawaomba wairudishe. Ikachezwa tena, sauti imeongezwa, na mimi nimenyoosha kidole hewani, nikingoja mwanangu akose pumzi ili niseme, hapo. "Hapo!" Nyuma yangu mwanamke mmoja alimwita Mungu kwa Kikuyu, "Ngai!" akatoka nje. Nilitaka kumfuata. Badala yake nikasema, "Rudisheni tena."

Siku ya uamuzi hakimu hakusema nimedanganya. Alisema mtoto aliumizwa, hilo daktari ameonyesha. Lakini video ilikatwa, ya kwanza haipo, na hakuna wa kuiambia mahakama kilichoondolewa. Jirani naye, kwa kuwa alishatia sahihi jambo lisilo la kweli, hakimu hakuona vipi atamwamini katika mengine. Bila hayo, hakukuwa na wa kusema ni nani aliyempiga. Mlezi akaachiliwa. Watu wake walimshukuru Mungu kwa sauti pale uwanjani, nami nilipita katikati yao kwa sababu lango lilikuwa moja.

Nilimpeleka mtoto kwa mama yangu, nyumbani magharibi. Ningemwachia nani tena? Nikarudi kiwandani, matiti bado yanauma kwa maziwa.

Jirani aliambiwa ahame kabla mwezi haujaisha. Akapata chumba Gatongora, nikaenda kumsaidia kubeba vitu. Tulikuwa tunateremsha godoro, yeye mbele mimi nyuma, aliposimama.

"Dada, mimi sikujua kukata ni makosa. Nilitaka tu ikufikie haraka."

"Najua."

"Umenisamehe?"

Nilisema ndiyo. Alitaka kugeuka anione, lakini godoro lilikuwa kati yetu, nikamwambia tuendelee, gari linangoja.