Faili Lililokataa Mwongozo Mpya

Ofisini tulimwita Mama Mistari, na mimi niliyekaa naye meza moja nilikoma. Tunatengeneza programu ya simu inayowakumbusha wagonjwa kumeza dawa, na kazi yake ni kukagua tunachoandika kabla hakijapita. Umeweka jina la mkato, anakurudishia. Mabano yamekaa ovyo, anakurudishia. Ukinuna, anakuambia nyumba ya wengi lazima ifagiliwe namna moja.

Mwongozo wenyewe wa uandishi aliutunga mumewe, enzi hizo tukiwa naye hapa. Alitaka kila kipande cha programu kiachiwe mstari mtupu kabla ya amri ya mwisho, eti msomaji apumue. Tulimcheka mpaka tukazoea. Alipofariki, bosi akaleta mwongozo mpya: mistari mitupu marufuku. Mama Mistari akayanyoosha mafaili yote mwenyewe, kimya kimya.

Faili moja likakataa, lile la kengele ya dawa. Jioni linanyooshwa, asubuhi mistari mitupu imerudi. Na mashine yetu, ambayo huweka jina la kila anayegusa kitu, haikuwa na jina la mtu. Mimi nikasema huyo ni marehemu. Bosi yeye hakuona mzimu, aliona mjane mkaidi. Akamwambia mistari hiyo ikirudi tena, akae nyumbani na wanawe, kazi hana.

Ikarudi.

Bosi akaja amefura, akavuta kiti, akasema ataliandika upya mwenyewe mbele ya macho yetu. Akaanza vizuri. Alipokaribia mwisho wa kipande, kidole chake kikabonyeza, mstari mtupu ukafunguka. Akafuta. Kikabonyeza tena. Akafuta, kikabonyeza. Sasa alikuwa anautazama mkono wake kama mali ya jirani. Jamani, mimi na mdomo wangu huu, niliogopa hata nikasahau kumcheka.

Mama Mistari akasogea, akaweka kiganja juu ya mkono ule. Macho yake yalikuwa kwenye mkono tu, si kwa bosi.

"Baba watoto," akasema taratibu, "imetosha. Mwachie mwenzio afanye kazi."

Mkono ukalegea. Bosi akalimaliza faili bila mstari mtupu hata mmoja, akaondoka bila kuaga. Nikamwambia Mama Mistari, shoga yangu, ashukuru, angalau kazi imepona. Akanitazama, machozi yanamtiririka.

"Nyie mlimzika zamani," akasema. "Mimi nimemzika leo."