Maelezo Chini ya Michoro

Mfuko wangu ulikuwa wa turubai, umeshonwa na fundi wa mahema hapo Garissa. Ndani mlikuwa na penseli tatu, moja ngumu, moja laini na moja katikati. Kulikuwa na raba iliyobaki nusu, rula ya mbao, bikari ya chuma, wembe wa kuchongea niliouviringisha kwenye karatasi, kalamu ya nibu, na chupa ya wino mweusi ambayo kizibo chake nilikizungushia uzi, wino usije ukamwagikia vitu. Na daftari la kuchorea, la karatasi nene. Leo wangeniita mwanafunzi wa usanifu. Wakati ule watu walisema tu, "yule wa kuchora."

Nilikuwa na shule kidogo, darasa la sita sikulimaliza. Mwalimu wetu wa kuchora, mtu wa bara, alinipokea hivyo hivyo kwa sababu mkono wangu haukutetemeka. Alitufundisha herufi za mabango na mapambo. Nataka niseme haki yake mapema: alikuwa mwalimu mwema, na yaliyotokea hakuyataka.

Ulikuwa mwaka wa pili wa vita vya shifta, serikali na waasi wa Kisomali, au wa tatu, sina hakika tena. Mwalimu alitupa kazi: kila mmoja alete alama kumi za kwao, azichore kwa rula na bikari, safi, bila kufuta-futa. Wenzangu wa bara walichora vibuyu na ngao. Mimi nilifikiria ng'ombe. Kwetu kila ukoo una chapa yake ya moto, na ng'ombe akipotea hata mwendo wa siku tano, mtu akiona chapa tu anajua amrudishe kwa nani. Nikaona hapo pana kazi nzuri ya bikari.

Nilipanda lori la mfanyabiashara hadi karibu na Kotile, kwa abti yangu, yaani kaka wa mama. Kwetu mjomba na mpwa huitana abti wote wawili, basi tulikaa siku mbili, abti na abti, yeye akichora mchangani kwa fimbo na mimi nikinakili.

"Huyu ni wa nani?" aliniuliza alipoona ng'ombe niliyejaribu kumchora mzima.

"Ni wako, abti."

"Wangu hawana miguu ya meza. Mpe angalau magoti alale."

Alicheka mpaka akakohoa. Lakini nilipomwonyesha chapa yake mwenyewe, nusu duara na mstari mfupi chini yake, aliishika karatasi kwa ncha za vidole kama kitu cha moto. Akasema chuma chake hakijawahi kupiga duara laini namna ile.

Sifa hiyo ndiyo iliyonilevya, nadhani. Mwalimu alikuwa ametuambia kwamba mchoro usio na maelezo ni nusu ya kazi. Basi chini ya kila chapa niliandika kwa nibu, kwa Kiswahili changu bora: ni ya nani, inapigwa shingoni au pajani, upande gani, na ng'ombe hao hunywa maji wapi wakati wa kiangazi. Hili la maji hakuna aliyeniomba. Kwetu huwezi kumweleza mwenye mifugo bila kutaja maji yake, ni kama kumtaja mtu bila baba. Niliona ni adabu. Abti hakujua kusoma, na mimi sikumsomea.

Wakati wa kurudi, lori letu lilisimamishwa kwenye kizuizi nje ya Garissa. Wiki hiyo gari la askari lilikuwa limekanyaga bomu barabarani na wenzao walikuwa wamekufa. Nalitaja hili kwa kuwa ni kweli, na kwa kuwa pamoja na hayo hawakunipiga. Askari mmoja alitoa bikari akaifungua.

"Hii ni ya kung'oa meno?"

"Ni ya duara, afande."

"Duara. Nchi inaungua, wewe unachora duara."

Wenzake walicheka, nami nilicheka. Alinirudishia bikari, penseli, hata wembe. Daftari alilifungua, akasoma ukurasa mmoja, akasoma wa pili. Hakucheka tena. Alisema litaangaliwa, kisha nitarudishiwa. Mwalimu nilimwambia limepotea. Alinipa karatasi nyingine, nikachora mikeka.

Kabla mwezi haujaisha, ng'ombe wa abti walikamatwa kwenye maji yao wakaletwa Garissa, katika boma la mifugo iliyoshikwa. Mifugo mingi ilishikwa siku zile, ya wenye kosa na ya wasio na kosa, pamoja na ya watu ambao sikuwahi kuchora chapa zao. Kwa hiyo siwezi kuapa kwamba ni daftari langu. Nimejaribu kuapa upande huu na upande ule, nikashindwa kote.

Abti alikuja mjini kwa miguu kuwadai. Alinitaka niende naye kwa sababu Kiswahili chake kilikuwa cha kuuzia maziwa tu. Ofisa aliyekuwa mezani sikuwa nimemwona kabla, na alimpa abti kiti. Kisha akafungua droo, akaweka mezani daftari langu. Jalada lenye jina langu lilikuwa limeng'oka.

"Muulize mzee kama hii ni chapa yake," aliniambia. "Na umwambie vizuri: ng'ombe wa chapa hii walikutwa na watu tunaowatafuta, wakinywesha pamoja. Mwenye chapa atabaki hapa atueleze."

Alisoma maelezo yangu kimya, kidole kikipita chini ya maneno. Nilitafsiri alichosema, neno kwa neno. Abti aliutazama mchoro. Aliujua, vipi asiujue. Kisha akasema kwa Kisomali, kwa sauti ya kawaida:

"Mwambie siijui chapa hii."

Chapa ya baba yake na babu yake. Na mimi ndiye niliyeyageuza maneno hayo kuwa Kiswahili: "Anasema haijui, afande." Ofisa akaandika. Ng'ombe wasio na mwenyewe hawakuwa na wa kurudishiwa.

Tulitoka. Tulipita kando ya boma, na abti hakugeuza uso ingawa walikuwa wanalia kwa kiu na bila shaka alizitambua sauti zao. Tulipofika kwenye kivuli cha ukuta alisimama.

"Abti, lile ni daftari lako."

"Ndiyo. Walinichukulia barabarani."

"Picha si kosa. Chapa iko juu ya ng'ombe, kila mwenye macho anaiona. Lakini yule mtu alikuwa anapitisha kidole chini yake. Yale maandishi yanasema nini?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake. Kwa swali hilo sikuwa nimejiandaa.

"Ni vipimo tu, abti. Urefu na upana."

"Vipimo," alisema. "Basi hakuna ubaya." Akanishika bega kama anayenifariji mimi.

Aliishi miaka mingi baada ya hapo, akichunga mbuzi wa mkwewe, na kwa wageni alinitambulisha kama mpwa wake mwenye mkono mzuri. Hakuniuliza tena. Nami kila nilipomtembelea nilitafuta namna ya kuanza, tukanywa chai, nikaondoka.