Mahali Palipokuwa na Mfuko

Kuna Jumamosi moja ambayo haijanitoka, mdogo wangu Bahati. Weye huwezi kuikumbuka kwa sababu ulikuwa mgongoni kwa mama, umelala, mate yanakutoka. Ningekuwa mzee ningekuita mwanangu, maana ndivyo wazee wanavyoanza wakitaka kumwonya mtu. Lakini mimi bado niko masomoni, sina hata mvi moja, na mbele ya watu sauti yangu hujificha kooni kama kifaranga aliyeona mwewe. Ndiyo sababu naandika. Siku utakapojua kusoma utaona kwamba dada yako Furaha alikuwa na neno la kukuambia, akashindwa kulisema kwa mdomo.

Baba yetu alikuwa fundi cherehani, hapa Uvira, karibu na mto. Alasiri ile mto uliposhuka kutoka milimani na mawe na miti yake, mimi nilikuwa darasani. Mama alikimbia na weye. Baba alitoka nanyi, halafu akageuka. Hakurudia cherehani yake, alirudia vitambaa vya watu, kwa sababu kulikuwa na harusi karibuni na nguo za wasindikizaji wote zilikuwa kwake. Alimwambia mama, "Nguo ya watu hii, nakuja sasa hivi." Mama amebaki na maneno hayo tu.

Tulimtafuta kando ya ziwa, hadi kwenye matete ambako mto unatupa kila kitu. Wavuvi walituonyesha milango, sufuria, mbuzi waliovimba. Baba hatukumwona.

Sasa nikupeleke kidogo shuleni, usichoke. Ijumaa, siku moja kabla ya Jumamosi ile, mwalimu wetu wa Kiingereza, tunayemwita profesa, aliandika ubaoni maneno mawili, nothing na none. Akasema yote mawili mtu anaweza kuyatumia kusema hakuna. "Lakini hayafanani," akasema. "Nothing, hakuna kitu, basi. None inatazama nyuma. Inajua ilikuwa nini, ilikuwa ya nani, halafu inasema hata kimoja hakikubaki. Jumatatu kila mtu anieleze kwa mfano wa maisha yake, si wa kitabu." Wenzangu walinung'unika. Mimi niliandika mfano wa sukari, kisha nikaufuta, maana ulikuwa wa uongo. Siku hizo sikuwa nikifikiria sukari.

Jumamosi asubuhi tulikwenda Kiringye kwa koko, mama yake baba. Kwetu, tangu zamani, mtu akipotea majini na mwili wake usipopatikana, familia inazika shina la mgomba mahali pake. Shina linafungwa kwenye mkeka kama maiti, lakini ni lazima kiwekwe juu yake kitu cha yule mtu, kitu alichokivaa au alichokishika. Bila hicho, huo ni mgomba tu. Na mpaka azikwe, mama yake hawezi kumlilia. Koko alikuwa hajalia hata mara moja. Uso wake ulikuwa umekauka kama muhogo juani, na alikuwa akikohoa vibaya. Kila mtu pale aliona kwamba hana muda mrefu.

Baba mdogo, anayemfuata baba kwa kuzaliwa, ndiye aliyekata mgomba. Shimo lilikuwa tayari nyuma ya nyumba.

"Shemeji," akamwambia mama, "mgomba iko tayari. Tupatie kitu ya kaka. Hata kofia."

"Kofia gani? Maji ilibeba yote. Hakuna kitu."

"Hata mukaba ya suruali, shemeji."

"Nimesema hakuna. Mukitaka kuzika ule mgomba muzike, lakini mujue muko munalima shamba."

"Ee, shemeji, usitutukane."

"Situkani mutu. Minye nasema, kama hakuna kitu, hakuna kuzika."

Nilimwelewa mama. Alikuwa anaomba kitu kisipatikane. Kama hakikupatikana, baba asingezikwa, na kama hakuzikwa, labda alikuwa mahali fulani upande wa Burundi, amevunjika mguu, anatafuta njia ya kuja. Hilo ndilo lililokuwa linamsimamisha mama asubuhi. Na koko alikuwa anakohoa.

Koko akanigeukia. "Furaha, weye ndiye mkubwa. Kweli hakuna kitu ya baba yako?"

Watu wote wakanitazama. Nikaangalia vidole vyangu vya miguu. "Hakuna kitu, koko."

"Simama."

Nikasimama.

"Iyo shati nani alishona?"

Bahati, nilikuwa nimevaa shati jeupe la shule. Mto ulichukua nguo zangu zote isipokuwa ile niliyokuwa nayo mwilini siku ile. Nililifua jioni, nikalivaa asubuhi, sikuwa na lingine. Baba alilishona mwenyewe, akalipigia pasi ya makaa, akaniambia nikiweka kalamu nyingi mfukoni atanidai bei ya fundi. Nilikuwa ndani yake, na nilikuwa nimesema hakuna kitu.

"Baba," nikajibu.

"Weye iko unavaa mikono ya mutoto wangu ku mwili, unaniambia minye hakuna kitu?" Koko hakupandisha sauti. Ingekuwa afadhali angepiga kelele. "Hakuna kitu ni pale mutu hajapita. Hapa alipita mutu. Nilimuzaa minye. Usimufute na mdomo yako sababu ya kuona haya."

Machozi yalinitoka, kwa aibu kwanza, baadaye kwa jambo lingine. Mama akajitia kati. "Mama, iyo shati ni moja tu. Mutoto atasoma na nini?" Kisha sauti ikamwisha, akasema polepole lile lililokuwa ndani. "Na kama atarudi?"

"Akirudi tutafukua mgomba yetu," koko akasema, "na minye nitacheka mpaka haya meno yangu yaliyobaki yaanguke. Lakini kama harudi, nitaenda bila kumulilia. Unataka niende ivyo, Mama Furaha?"

 Kuku walikuwa wakichakura udongo wa lile shimo. Mama akakufungua mgongoni, akampa shangazi akupakate, akaomba wembe.

Hakunivua shati. Alichukua mfuko tu, ule wa kifuani, nikiwa nimelivaa vilevile, uso wake karibu na uso wangu. Hakukata kitambaa, alifumua uzi mmoja mmoja. Upande wa chini ulitoka vizuri. Alipofika kwenye pembe za juu wembe ukakwama, kwa sababu baba alikuwa amerudia mshono pale tena na tena, umekuwa mgumu kama kokwa. Mama akajaribu pembe ya kulia, akajaribu ya kushoto, akasimama.

"Huyu mutu," akasema. "Alishona hii isitoke kamwe. Sababu ya kalamu zako."

Akacheka kidogo, na kicheko hakikufika mwisho. Akaniegemea. Hapo ndipo mama alipomlilia baba, kabla ya koko, kabla ya wote, na mikono yake ilikuwa bado imeshika mfuko.

Tulimzika baba mchana huo. Zile pembe mama alilazimika kuzikata kwa wembe, mafundo yakabaki kwenye shati; mfuko ulifungwa juu ya mkeka, upande wa kifua. Udongo wa kwanza ulipoanguka koko akaanza, mwanzoni kama kikohozi, halafu sauti ambayo sitaki kuiandika. Aliitoa yote. Baadaye akaomba chai, akalala. Aliishi mpaka mvua zilizofuata, na weye umemjua kwa hadithi tu.

Jumatatu nilirudi darasani. Pale mfuko ulipokuwa, kitambaa kilikuwa cheupe kuliko shati lote, kwa sababu jua halikuwahi kukigusa, na kilizungukwa na matundu madogo ya sindano. Kijana anayekaa nyuma yangu akasema, "Furaha, mfuko yako imeenda Bujumbura?" Wakacheka. Profesa akanitaja jina, nieleze nothing na none kwa mfano wa maisha yangu.

Nilisimama. Niliweka kidole kifuani, pale peupe. Nilitaka kusema kwamba shati ambalo halikushonewa mfuko, pale pana nothing, na hakuna anayeuliza. Lakini hapa kwangu ni none. Hapa matundu yanaonyesha sindano ilipita wapi, na mkono wa nani. Maneno yote yalikuwa tayari kichwani. Yalitoka madogo sana. Profesa akasema, "Rudia, sikusikia." Sikuweza. Nikakaa. Sijui alinipa pointi ngapi, sikutazama.

Kwa hiyo nakurudia weye, uliyekuwa umelala.

Mdogo wangu, watakuuliza. Shuleni, mtaani, siku utakayotaka kuoa, watakuuliza baba yako ni nani, yuko wapi. Usiangalie vidole vya miguu. Usiseme, "Sina baba," kama mtu ambaye hakushonewa kamwe. Sema alikuwepo, taja jina lake, sema alikuwa fundi, sema alirudi kwa ajili ya nguo za watu. Itauma, najua. Bado inaniuma na mama bado anageuka akisikia mtu anapiga mluzi barabarani, kama alivyozoea baba. Lakini usimfute kwa sababu ya kuona haya. Maji yalichukua ya kutosha.

Mama alitaka kunishonea mfuko mpya. Nilikataa. Shati limekuwa dogo kwangu na nimelikunja kwenye sanduku, ni lako. Mungu akulinde na mito inaposhuka, akupe mikono yenye kazi, na akuweke hai hadi hili shati likubane mabegani. Siku ukilivaa, pitisha kidole kwenye matundu polepole. Ukifika kwenye pembe za juu, utasikia pale alipokazia.