Picha ya Alhamisi

Jina lake la kuzaliwa lilijulikana na mkewe na ofisi ya vitambulisho tu. Wengine wote walimwita Alhamisi, kwa sababu kwa miaka thelathini kila aliyepigwa picha pale studio kwake aliambiwa, "Njoo Alhamisi." Na ukienda Alhamisi yenyewe, unapewa Alhamisi nyingine. Watu walisubiri, roho juu, wakijiuliza kama walifumba macho. Siku hizi nani asubiri? Mtu anapigwa, anachungulia kioo cha kamera, "Futa hiyo, nimetoka mnene," na Alhamisi anafuta. Kama vile unene umeletwa na kamera!

Jumatatu moja asubuhi akaingia mama mmoja, nesi, bado yuko na sare ya kazi. Hakutaka picha ya pasipoti.

"Shikamoo mzee. Wewe ndiye Alhamisi?"

"Marahaba. Ndiye mimi, mwanangu."

"Ulinipiga picha na marehemu baba, hapo nje kwenye ngazi. Nilikuwa na miaka saba, nina gauni la maua, nalia sitaki kuondoka bila picha. Wiki ile ile baba akahamishwa kikazi, hatukuja kuichukua. Sina picha nyingine naye. Hata moja."

Alhamisi gauni alilikumbuka, kilio alikikumbuka. Kilichomgomea ni jambo moja: siku ile kamera ilikuwa na filamu? Maana siku zile, filamu ikimwishia na mtoto analia, hakuwa na moyo wa kumfukuza. Alikuwa anamsimamisha, anamwashia taa tupu bila picha, mtoto anaenda zake anacheka. Mzazi anakonyezwa pembeni. Yule baba alimkonyeza? Alijikuna kichwa, hakikumwambia kitu.

Akateremsha makopo ya biskuti yaliyojaa negativu, ile mikanda ya filamu za zamani, akawa anazishika moja moja dirishani. Akaona gauni, moyo ukaruka. Kumbe bibi harusi. Akaona baba na mtoto; mtoto wa kiume. Mara aseme ni mwaka huu, mara aseme sio, mara aliinamie kopo alilokwisha kulimaliza. Nesi alikaa kwenye stuli, hamwondolei macho.

Mwishowe akaushika mkanda wenyewe wa siku ile. Picha ya thelathini na sita, ya mwisho, ilikuwa ya bwana mmoja na baiskeli yake mpya. Nyuma ya baiskeli, kwenye ngazi, kulikuwa na kitoto cha gauni la maua, mdomo wazi, kinasubiri zamu.

Angeweza kusingizia mchwa. Ulimi ulikuwa tayari.

"Mwanangu, nisamehe. Zamu yenu ilipofika, filamu ilikuwa imekwisha. Niliwasha taa tu."

Nesi akauchukua mkanda, akakitazama kile kitoto dirishani.

"Ulisema, 'Baba, mkono begani kwa mtoto.' Unakumbuka?"

"Nilikuwa nawaambia wote hivyo."

"Baba yangu hakuwa mtu wa kushika mtoto. Siku ile aliuweka, na hakuuondoa mpaka nyumbani." Akasimama. "Ile kamera bado unayo?"

"Ipo. Lakini haina filamu, ni miaka sasa."

"Najua, si umeshaniambia. Nipige."

Alhamisi hakujua acheke au alie, wala kama huyu mama ni mzima. Akachomoa betri za saa ya ukutani, akazitia kwenye taa, akamfuata nje. Nesi alikuwa amesimama kwenye ngazi ile ile, ameacha nafasi upande wake wa kulia. Mzee akazungusha lenzi huku na huku, hajui amlenge nani. Halafu mdomo ukafanya kazi yake wenyewe.

"Baba, mkono begani."

Taa ikawaka. Nesi akapangusa macho kwa kiganja.

"Nije lini?"

"Alhamisi," akasema.