Siku Treni ya Baba Ilipokosa Breki Mbele ya Watu

Kuna aibu ambayo mtu akiisimulia watu wanacheka na yeye anacheka nao, halafu kuna hii yangu, ambayo kila nikitaka kuianza naangalia chini kwanza. Lakini mmeniuliza mara nyingi kwa nini sipendi kuonyesha watu kazi yangu ya kompyuta, kwa hivyo wacha niwaambie mara moja tumalize.

Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea mwisho na mimi nilikuwa nafundisha kompyuta katika chuo kimoja kidogo pale Ruiru, juu ya duka la mabati na misumari (chuo ni jina kubwa, vilikuwa vyumba viwili tu, na umeme ukipotea tulikuwa tunafundisha kwa chaki). Somo langu lilikuwa spreadsheet, yale majedwali ya kupiga hesabu, na nilijiona bingwa. Sasa binamu yangu akarudi kutoka ng'ambo na CD ya mchezo wa kuendesha treni, na kitu kilichonishika si kuendesha, ni kwamba mchezo ulikuwa unakubali ujitengenezee mabehewa yako ya mizigo: unaandika kwenye faili uzito wa behewa na nguvu ya breki zake, na likiwa relini linafanya vile ulivyoandika. Nikayapanga yote kwenye jedwali, kila behewa na mstari wake, jina, uzito, breki, matupu na yaliyojaa, halafu nikawa nahamisha kutoka hapo kwenda kwenye mchezo.

Nilifanya hivyo kwa sababu ya Baba. Baba alikuwa gadi wa treni ya mizigo, yule anayekaa kwenye behewa la mwisho kabisa, na alikuwa amestaafu, amekaa tu nyumbani kwetu Thika, kimya. Kazi yake hakuwahi kuizungumzia. Tulijua kulikuwa na ajali zamani, mimi sijaanza hata shule, na Mama alitukataza kuiuliza. Nikaona nimpe zawadi, nimtengenezee treni yake: matangi ya mafuta, mabehewa ya mananasi, yote mazito, na vituo nikavibadilisha majina viwe Ruiru na Thika (ile misonobari ya Ulaya iliyojaa theluji sikuweza kuitoa, ikabaki).

Mkuu wetu, Madam Wairimu, akaitisha siku ya wazazi, kwa sababu wanafunzi walikuwa wamepungua na chuo kilikuwa kinaning'inia. Nikamwambia nitaonyesha treni, na nitamleta Baba. Jana yake niliijaribu, ikateremka mpaka Thika polepole kama bibi harusi.

Asubuhi ile Madam akaniambia, "Mwalimu Njoroge, hebu chapisha hiyo orodha yako ya mabehewa tuibandike ukutani. Lakini uipange vizuri, A mpaka Z."

Nikaipanga. Nikachagua safu ya majina na ya uzito, ya breki nikaiacha nje, nikabonyeza. Majina na uzito vikahama pamoja, breki zikabaki pale pale, kwa hivyo tangi lililojaa likapata breki za behewa tupu (kosa ambalo mimi mwenyewe nilikuwa nawagombeza wanafunzi kwa sababu yake). Sikuona. Nikahamisha tena kila kitu kwenye mchezo ili ufanane na ukuta, na sikujaribu, kwa sababu wageni walikuwa wameanza kupanda ngazi.

Baba alikaa mbele, na suti yake ya kanisani. Nikashika maikrofoni nikasema, "Hii ni treni ya mzee wangu," watu wakapiga makofi, yeye akainamisha kichwa kidogo.

Kwenye skrini treni ikatoka Ruiru vizuri. Ilipofika kwenye mteremko nikashika breki, ikaongeza mwendo. Nikashika zote, ikaongeza tena. Watoto wakaanza kushangilia, mzazi mmoja nyuma akasema, "Mwalimu, hiyo imekushinda," watu wakacheka, na mimi, ili nisionekane mjinga, nikasema kwenye maikrofoni, "Gadi wetu amelala huko nyuma."

Baba akasimama. Mikono yake ilikuwa inazungusha kitu hewani, kwa nguvu, kama mtu anayefunga gurudumu la breki ya mkono, na akasema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, "Omondi, ruka. Ruka."

Mabehewa yakapinduka. Nikakimbilia kuzima, nikabonyeza kitufe kibaya, na mchezo ukaonyesha ajali upya, polepole, kutoka juu. Baba akaitazama yote. Kisha akashuka ngazi.

Nilimkuta nyuma ya jengo, ameshika ukuta.

"Baba, nisamehe. Sikujua."

"Ungejuaje, na sikusema." Akauachia ukuta. "Omondi alikuwa msaidizi wangu. Breki zilikataa. Mimi nilibaki nazungusha, yeye nikamwambia aruke. Akanitii."

"Halafu?"

"Akaangukia upande wa mawe. Mimi nilipona kwa kubaki." Akajipangusa uso na leso. "Nipeleke nyumbani."

Madam hakunigombeza, aliniomba tu niutoe ule mchezo kwenye kompyuta zake. Chuo kiliendelea kidogo kisha kikafungwa. Baba alikaa wiki nyingi bila kwenda kanisani, kwa sababu baadhi ya wale wageni walikuwa waumini wenzake wa Thika, na wengine walikuwa wanamuuliza, kwa nia njema kabisa, kama sasa anaendelea vizuri. Baadaye aliniomba nimsindikize kwa mjane wa Omondi. Waliongea ndani, mimi nikangoja nje, na sikuambiwa walisema nini.

Nimeapa: maisha ya mtu siyapeleki mbele ya umati kabla sijamuuliza yeye mwenyewe, tukiwa wawili. Na wako wanaoniambia nisijilaumu, kwamba bila siku ile mzee angekufa na lile jambo moyoni. Labda. Lakini siku ya kulisema ilikuwa yake kuichagua, na mimi nilimchagulia.