Paa la Bibi Damari Lisilo na Nyumba

MAHARAGE YAMEIVA JAMANI! Yameiva kwa Bibi Damari, mwezi wa kumi, Itigi hii hii, na hakuna aliyefuata maji na punda!

Ngoja nianze vizuri. Bibi Damari ni jirani yetu, anaishi nje kidogo ya Itigi kwenye tembe lake la paa la udongo. Anafuga mbuzi, na porini ana mizinga ya nyuki. Kisima alichimba, maji yakatoka mengi, ila ya chumvi. Mbuzi wanakunywa tu freshi. Lakini ukipikia maharage, unachochea kuni kutwa nzima na bado yako kama kokoto. Maji ya kunywa na kupikia alikuwa anayafuata mbali na punda, mpaka goti likagoma.

Hapo mwanae Antipasi akaja kutoka Manyoni.

"Mama, hama. Mbuzi tuuze, uje ukae kwangu."

"Nikae nifanye nini? Niangalie tivii?"

"Basi nakupa mpaka mwezi wa kumi mwakani. Nikikuta bado huna maji, tunapakia."

"Njoo tu."

Akauza asali, akanunua mabati. Sisi tukajua anaezeka tembe. Wapi! Kuta zimezeeka, haziwezi kubeba mbao, halafu yeye analipenda, mchana lina ubaridi. Akamwita fundi Obadia, wakasimamisha nguzo uwanjani, juu mabati, chini hakuna kitu. Yaani paa peke yake! Pembeni wakafunga gata ya kukinga maji, bomba likaingia kwenye simtanki.

Mzee Mughwai, ambaye hapiti kwa mtu bila kuchokoza, akasimama.

"Damari, kuta zimekimbia?"

"Mgeni wangu hahitaji kuta."

"Mgeni gani huyo?"

"Mvua."

Mzee akacheka mpaka kofia ikadondoka.

Mvua ya kwanza ikaja, kubwa. Bibi akatoka, akachomoa bomba kwenye tanki, maji yote yakamwagika chini. Mzee Mughwai akapiga kelele: "Njooni muone! Mtu kajengea mvua nyumba, halafu anaifukuza!"

Bibi hata hakugeuka. Alikuwa anaacha mabati yaoshwe vumbi na mavi ya ndege. Maji yalipotakata, akarudisha bomba. Mvua zilipoisha, tanki limejaa. Akafunga koki kwa kufuli, ufunguo akauvaa shingoni. Mbuzi wakaendelea na chumvi yao.

Mwezi wa kumi Antipasi akaja kweli, na pikapu, na kamba za kufungia mizigo.

"Shikamoo mama. Umeshafungasha?"

"Marahaba. Kaa ule kwanza."

Akaletewa ugali na maharage. Akabonyeza harage moja kwa kidole, likapondeka. Akala, sahani ikaisha.

"Haya umepikia maji gani?"

Bibi akaelekeza kwa mdomo kule uwanjani. Antipasi akaenda, akawa anagonga tanki kutoka juu akishuka. Juu tupu. Katikati tupu. Akachuchumaa, akagonga tena, mlio ukabadilika. Maji yapo, na mawingu yameshaanza kujikusanya.

Akarudi, akakaa.

"Niongeze maharage, mama."

Pikapu likarudi Manyoni na ndoo ya asali na zile kamba. Juzi Mzee Mughwai kaonekana kwa fundi Obadia, anasema eti anapita tu.

Kama una ndugu mwenye kisima cha chumvi, mtumie hii.