Jiwe Kizingitini

Hakuna aliyemlazimisha Genoveva. Jiwe lake la kusagia alilipeleka mwenyewe, tena akiimba. Kijiji chao cha Singe kilikuwa kimeahidiwa mashine ya dizeli ya kusaga, na Mwenyekiti Konstantini akatangaza kila mama achangie jiwe lake kwenye ujenzi wa kibanda. Atakayelibakiza, alisema, ana mashaka na maendeleo. Nani alitaka kuwa na mashaka? La Genoveva, lililoshushwa kutoka Mbulu kwa punda alipoolewa, likajengewa saruji mlangoni, likawa kizingiti. Alijivunia hilo, maskini.

Majuto ni mjukuu. Mashine ilisaga miaka miwili, kisha dizeli ikaadimika, kibanda kikatiwa kufuli, watu wakarudi kwenye makande. Wenye meno walitafuna. Dorothea, mama mkwe wake, hakuwa na jino hata moja. Alihitaji uji, na kinu kilitoa chenga tu. Kila wiki bibi alizidi kukonda. Genoveva akaomba ruhusa ya kulibandua jiwe lake. Mwenyekiti akamjibu kwamba atakayebomoa jengo la mradi ni mhujumu uchumi, na mwaka ule neno hilo lilikuwa linapeleka watu jela.

Ndipo akaja bwana wa tathmini kutoka Arusha, na karatasi zake, kupima jinsi mashine ilivyobadilisha maisha ya kina mama. Mwenyekiti alishawaonya: wakilalamika, itahamishiwa Bagara, na dizeli ikija wataisikia kwa jirani. Bwana akauliza kama kazi ya kusaga imepungua. Genoveva alimtazama Mwenyekiti.

"Imepungua," alisema. "Hatusagi tena."

Ilikuwa kweli tupu, na bwana akaiandika. Genoveva alirudi nyumbani akijichukia.

Asubuhi bibi alishindwa kuinua kichwa. Genoveva akachukua jiwe dogo la mkononi, lililobaki nyumbani likifunika chungu, akaenda kibandani. Akafagia kizingiti, akapiga magoti mbele ya kufuli, akamwaga mahindi, akaanza kusaga.

Mwenyekiti akamkuta. "Mama Leonsi, unafanya nini hapo?"

"Shikamoo, Mwenyekiti. Nasaga mashineni."

Hakuwa amebomoa chochote. Mwenyekiti akaikagua saruji, kisha akaenda zake. Kufikia saa mbili kina mama kumi walikuwa wamepanga foleni nyuma yake, kila mmoja na bakuli lake. Bwana wa tathmini, akielekea stendi, aliiona foleni ile kwa mbali, akatabasamu, akatoa karatasi na kuongeza mstari. Genoveva alimwona akiandika. Alijua anaandika nini, lakini hakusimama. Bibi alikuwa anangoja uji.